Lango la dampo la Gioto, Nakuru: lifungwe kwa wazoaji au libaki wazi?

Section58: Swali ni fupi. Sheria ya taka ya 2022 inataka kila mtu atenge kinachooza na kisichooza, na kaunti ziwe na mahali pa kuchambulia. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Kituo kikijengwa pale Gioto, lango lifungwe na kazi ipewe kampuni moja yenye leseni, au wazoaji, wanaookota taka za kuuza, waendelee kuingia na magunia yao? Mimi nasema lifungwe. Moshi umezidi, na mvua ikinyesha maji machafu yanateremka kutoka miteremko ya Menengai kuelekea ziwani. Halafu tuambiane ukweli: mzoaji huyo tunayemwonea huruma ndiye anayelowesha katoni usiku ili mzigo uwe mzito.

Mkokoteni: Ya moshi na ziwa nitayarudia. Kwanza hilo la katoni. Katoni ni karatasi mbili za nje na moja ya kati iliyokunjwa mawimbi. Hiyo ya kati hunyonya maji kama mandazi kwenye chai. Ikilala nje usiku mmoja wa Aprili inabeba maji bila mtu kuimwagia tone. Aliye na paa ndiye anayeita wizi.

MamaKatoni: Yote mawili yapo, wacheni kutetea kwa upofu. Mvua hulowesha za juu na za kando. Ya kumwagiwa huwa kavu nje na mbichi katikati. Kata waya wa bela, yaani mzigo uliobanwa kwa mashine, chomoa katoni ya tumboni, ipasue. Kavu hulia ikipasuka. Yenye maji huchanika kimya, na ukingo wake unabaki na manyoya.

Na kiwanda cha karatasi hakidanganyiki. Unyevu wa asilimia 10 au 12 kinavumilia, zaidi ya hapo kinakata. Chukua mzigo wa kilo 100 wenye maji asilimia 25: karatasi kavu ni kilo 75. Ukihesabu kwa unyevu wa asilimia 10, utalipwa kilo 83. Hizo 17 umelipia mafuta ya lori kubeba maji hadi Nairobi. Bela hilo likikaa wiki linaota ukungu, nyuzi zinalegea, na hapo hata hizo 83 unabembeleza.

Section58: Asante mama. Umethibitisha nililosema.

MamaKatoni: Sijathibitisha kitu. Nani alifunga huo waya? Mzoaji hana mashine ya kubana. Katoni inatoka kwake imekunjwa bapa na kufungwa kamba, kila moja inaonekana. Iliyo mbichi *katikati ya bela* imelowea yadini, kwa mnunuzi mwenye mashine. Kwa hivyo ukitaka mwizi wa maji, usimtafute langoni.

Ja-Kisumo: Omera, hapo umegonga. Huku kwetu wanasema hivyo hivyo tangu enzi za dampo la Kachok pale Kisumu, karibu na Uwanja wa Moi: mchafu ni mwenye gunia, msafi ni mwenye mizani. Sasa tuongee mizani. Ile ya kuning'inia ina sindano na kijipini kidogo penye sifuri. Mwenye yadi akizungusha skrubu ya juu, springi inakuwa nyuma ya sifuri kwa kilo 3, lakini sindano imeegemea pini, kwa hivyo wewe unaona sifuri safi. Kilo 3 za kwanza hazisogezi chochote. Kila gunia, kilo 3. Chupa za maji za nusu lita zinahitajika 50 hadi 70 kufikisha kilo moja, haya piga hesabu ni ngapi zimemezwa na pini.

Dawa yake ni pakiti ya unga ya kilo 2. Itundike. Sindano isiposogea, umejua.

BwanaChupa: Mnazunguka mbuyu. Swali lilikuwa lango. Jibu liko kwenye lori, si kwenye mizani. Kampuni ikipewa kazi italeta lori la kubana, na lori la kubana linaponda sukuma wiki, chakula na katoni pamoja. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vya kuoza, vyenye maji. Karatasi ikishakunywa huo mchuzi haiuziki tena, hata uwe na mkanda wa kuchambulia wa mamilioni. Mzoaji huichukua *kabla* haijabanwa. Ukimfungia nje bila nyumba kutenga taka, umejenga kituo cha kuchambua uji.

La pili ni umbali. Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 350 hivi, Nakuru 160. Chupa zisizobanwa ni kilo 20 hadi 30 kwa mita moja ya ujazo. Canter ya tani 3 ikijazwa hadi juu ya bodi inabeba labda kilo 400, iliyobaki ni hewa. Ndiyo maana vifuniko vinatolewa kabla ya kubana: chupa iliyofungwa inashika hewa, bela linarudi nyuma kama godoro, waya unakatika. Nani anatoa hivyo vifuniko, kimoja kimoja? Chokoraa. Hakuna kampuni itakayoajiri mtu wa kufanya hivyo kwa mshahara wa sheria.

Mkokoteni: Nani umemwita chokoraa?

BwanaChupa: Ni neno la mtaani tu, kaka. Nimewatetea kwa aya mbili nzima.

Mkokoteni: Umewatetea kwa jina la matusi. Mtu anayejua chupa gani haifai kwa kuitazama kitako si chokoraa. Wewe mwenyewe unaweza? Ya PET, plastiki ya chupa za maji na soda, ina nukta katikati ya kitako, pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu. Ya PVC, plastiki ya aina nyingine, ina mstari wa mshono, na ukiikunja inaacha kovu jeupe. Chache tu za PVC zikipita kwenye mzigo, PET ikiyeyushwa kwa nyuzi 250 na kitu, PVC inakuwa imeshaungua zamani, inatoa asidi na kuacha madoadoa meusi. Mzigo mzima unashuka daraja. Huo ni ujuzi. Mpe jina lake: mchambuzi.

BwanaChupa: Sawa, mchambuzi. Tumerudi kwenye lori?

Muhuri: Nimesoma hilo la pakiti ya unga na siwezi kunyamaza. Ni nusu ya kweli. Kilo 2 zitakuonyesha ujanja wa pini. Hazitakuonyesha springi iliyochoka. Mizani ya kilo 200 imegawanywa kilo moja moja, na kosa la springi hukua kadiri mzigo unavyokuwa mzito: inaweza kusoma sawa kwenye 2 na kukosea kwenye 60. Pima karibu na uzito wa gunia lenyewe. Na kumbukeni kuna Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513. Mizani ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri. Uliza muhuri kabla ya kutundika.

Ja-Kisumo: Mzoaji aulize muhuri! Ataambiwa apeleke gunia lake kwengine, na kwengine ni kwa binamu ya huyo huyo.

Section58: Ndiyo maana nasema leseni, jamani. Yadi zote zisajiliwe, mizani ikaguliwe, ambaye hana afungwe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2018 bila kuulizana na mtu, na tuko hai.

MamaKatoni: Ni 28 Agosti 2017. Na mwanzoni ulitaka kufunga lango la mzoaji, sasa unafunga yadi. Naona unahama nyumba usiku.

Section58: Sijahama. Ni jambo lile lile, utaratibu.

Mkokoteni: Utaratibu tumeuona kwenye vyuma kuukuu. Sheria ya leseni ipo tangu 2015. Januari 2022 nchi ikaingia gizani baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote. Mwenye yadi alikuwa na stoo, akakalia mzigo wake akingoja. Mwenye gunia alikuwa na nini cha kukalia? Leseni hukagua aliye na anwani, halafu marufuku humpata asiye nayo.

MamaKatoni: Mmesahau kukatwa gunia. Mnunuzi akishapima anatoa kilo moja, wengine mbili, eti uzito wa gunia. Gunia la nailoni tupu halifiki hata robo kilo! La mkonge ndilo lilikuwa na kilo hivi. Magunia ya mkonge yalishaondoka, makato yakabaki. Hilo halihitaji skrubu wala pini, linafanywa mbele ya macho yako.

Section58: Sasa hilo nakubali ni wizi.

Ja-Kisumo: Karibu Kisumu.

BwanaChupa: Lori la kubana hakuna aliyelijibu, naona.

Mkokoteni: Chukua mtungi wa lita 20, ujaze maji, utundike. Maji lita 20 ni kilo 20, ongeza kilo moja ya mtungi. Huo ni uzito wa kupimia wa bure.

Muhuri: Hapana. Mtungi wa lita 20 ukiujaza hadi mdomoni unashika zaidi ya 20. Ndiyo maana maziwa na mafuta hayajazwi hadi shingoni. Utamshtaki mwenye yadi kwa kosa la mtungi wako. Jaza kwa chupa ya lita moja yenye alama, mara 20, na mtungi uupime mtupu kwanza, mahali pengine.

Ja-Kisumo: Mahali pengine wapi, na mizani zote ni za mabinamu?

MamaKatoni: Dukani. Bela la unga ni pakiti 12 za kilo 2, kilo 24 kamili, karatasi ya kufungia ni gramu tu. Bela mbili ni 48, hapo umekaribia gunia la katoni. Kila duka karibu na dampo linazo. Tundika bela, soma, shusha, rudisha. Dakika tatu.

Muhuri: Na hizo pakiti za unga zilipimwa kwa mizani gani?

MamaKatoni: Muhuri, kalale.