Kupima uwezo kwa wati: kihisi cha kiatuni au saa yenyewe?

Nyayo_Nyepesi
Wakuu, heshima kwenu. Saa yangu ya mazoezi inakata roho na nataka kununua nyingine, ila nimekwama njia panda. Kuna saa zinazokadiria wati, yaani nguvu unayotumia ukikimbia, zenyewe zikiwa mkononi, na kuna kile kihisi cha kubana kwenye kamba za kiatu, mfano Stryd. Bajeti inaruhusu njia moja tu: saa kali peke yake, au saa ya kawaida pamoja na kihisi. Nataka kujua kama mazoezi yananijenga kweli, na nitabiri muda wa mbio zangu zijazo. Nichukue kipi?

MzeeWaLami
Mleta mada, weka nyama. Mbio zipi? Njia tambarare au ya vilima? Uzito wako? Muda wako wa karibuni? Usiposema, kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

Kisigino
Kihisi cha kiatuni, uzi ufungwe. Saa hukokotoa wati kwa kutegemea kasi ya GPS, mwinuko na uzito uliouingiza. Pita chini ya miti minene au katikati ya maghorofa uone: GPS ikiyumba, wati nazo zinayumba. Kihisi kinasoma mguu wenyewe, na Stryd tangu toleo la 2019 inapima hadi upepo. Ukianza kupanda kilima wati zinaruka palepale, moyo bado unajikongoja.

FundiTakwimu
Taratibu mkuu. Kinachosomwa ni mchapuko wa mguu, wati zinatoka kwenye hesabu. Kwenye baiskeli kuna vipimo vya mkazo ndani ya pedali, vinapima msukumo halisi. Kwenye kukimbia vyote ni makadirio na kila kampuni ina kanuni yake. Mtu yuleyule, hatua zilezile, saa ya Garmin kwa kawaida itamwonyesha wati nyingi kuliko Stryd. Kwa hiyo usiulize nani ana namba kubwa, uliza nani anatoa namba ileile leo na mwezi ujao. Chagua kimoja uoane nacho.

BintiUpepo
Hilo la kuoana na kimoja lilinitokea puani. Nilikuwa na kihisi kiatuni na saa yenye wati zake, na mpango wangu wa marathoni wote uliandikwa kwa wati za kihisi. Nusu ya kwanza ilikwenda kama nilivyopanga. Baada ya hapo kihisi kikakata mawasiliano, na saa, bila hata kutetemeka, ikahamia kwenye wati zake yenyewe. Namba ikapanda ghafla. Nikaona nimezidisha, nikapunguza mwendo. Bado iko juu, nikapunguza tena. Watu niliokuwa nimewaacha nyuma wananipita, miguu mizima, pumzi ipo, mimi nimeng'ang'ania kushusha namba. Kuja kushtuka, kasi kwa kilomita ilikuwa ya mazoezi mepesi kabisa. Niliporudisha mwendo zilibaki kilomita chache na muda niliokuwa nautaka umeshaondoka. Nikawaandikia waliotengeneza saa, wakanijibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa kufanya kazi. Ukinunua vyote viwili, ingia kwenye mipangilio uzime wati za saa kabla ya siku ya mbio.

Kisigino
Pole dada. Ila hiyo kesi ni ya saa, kihisi msikipakazie.

BintiUpepo
Kilichokata mawasiliano ni kihisi, mkuu.

Nyayo_Nyepesi
Samahani, nilisahau. Ni marathoni, ya kwanza. Kilo 70. Kilomita 10 nimekimbia kwa dakika 45. Vilima vipo, vingi viko mwishoni.

FundiTakwimu
Safi. Anza na hesabu isiyohitaji kifaa. Kanuni ya Riegel: muda wako zidisha kwa uwiano wa umbali uliopandishwa kipeo cha 1.06. Dakika 45 za kilomita 10 zinakupa takriban 3:27 kwenye marathoni, kama una kilomita za kutosha miguuni.

Sasa wati. Kimbia dakika 3 kwa nguvu zote, pumzika nusu saa, kisha dakika 9 kwa nguvu zote. Tuseme umepata wastani wa wati 308 na 276. Zidisha kila moja kwa sekunde zake upate kazi iliyofanyika, toa ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa sekunde 360 za tofauti: 260. Hicho ndicho kikomo chako, yaani wati za juu unazoweza kuzishikilia kwa muda mrefu, kile ambacho programu huandika CP. Rudia jaribio baada ya wiki kadhaa. Kikipanda huku uzito ni uleule, mazoezi yanajenga.

Utabiri ndio wenye mitego. Tuseme marathoni unaimudu kwa asilimia 90 ya kikomo, yaani wati 234, sawa na 3.34 kwa kilo. Kama kila wati kwa kilo inakupa mita 1 kwa sekunde, utamaliza kwa 3:30. Ikikupa mita 0.97, ni karibu 3:37. Dakika saba zimepotea hapo bila kubadilisha wati hata moja! Na hiyo asilimia 90 hakuna kifaa kinachoijua kabla hujakimbia. Inatokana na mazoezi yako marefu.

MzeeWaLami
Na joto je? Wati hazijui joto. Jua likiwaka, wati 234 ni zilezile kwenye saa lakini moyo uko paani. Mimi kwa marathoni ya kwanza ningemwambia mtu afuate mapigo ya moyo na pumzi, wati aziangalie akishafika nyumbani.

Kisigino
Mzee, mapigo yenyewe hupanda taratibu kadiri kilomita zinavyosonga hata kama mwendo ni uleule. Ukiyafuata kilomita ya 35 utaishia kutembea. Kwa vilima vya mwisho wati ndizo zitamzuia asijiue.

MzeeWaLami
Hivyo vilima watu walivipanda kabla wati hazijafika mkononi.

Mgeni_Njiani
Naingilia kati kidogo. Nikivaa viatu vyenye bamba la kaboni, kihisi kitaona tofauti?

FundiTakwimu
Swali zuri. Viatu hivyo hupunguza nishati ambayo mwili unatumia, na kihisi hakipimi oksijeni uliyovuta. Usishangae ukiona wati ni zilezile na kasi imepanda. Ukifanya jaribio la kikomo, vaa viatu utakavyokimbilia.

Kisigino
Siafiki. Kwangu wati zilibadilika nilipobadilisha viatu.

FundiTakwimu
Ulikibana mahali palepale kwenye kamba?

Nyayo_Nyepesi
Wakuu, kwa hiyo saa au kihisi?

Mgeni_Njiani
Na hiyo kaboni inafaa kwa mtu anayetua na kisigino?