Tupeane uzoefu: sherehe za waanzilishi kwenye vimiji vya Magharibi ya Marekani

Mleta mada (Utah): Wadau, 24 Julai hiyo inakuja. Huku ni sikukuu ya jimbo, siku Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni (dhehebu lililozaliwa Marekani), na wenzake walipoingia bonde la Salt Lake mwaka 1847. Mjini Salt Lake City watu wanalala kando ya barabara kuwahi nafasi ya kuona gwaride, ila mimi napenda za vimiji. Asubuhi zimamoto wanawakaangia watu chapati za maji, baadaye haohao wanapita na gari lao wakiwamwagia maji. Trekta, farasi, pipi zinarushwa, watoto wanagombania. Jioni rodeo, yaani michezo ya wachunga ng'ombe: vitoto vinavalishwa helmeti na kupandishwa juu ya kondoo, anayeng'ang'ania zaidi ndiye mshindi. Nyie je? Tiririkeni.

Mtu wa Goma: Sisi tulifika kama wakimbizi. Gwaride la kwanza mama alikaa tu, hasemi kitu, mpaka ilipopita mikokoteni inayovutwa na watu. Jirani akamweleza: kati ya 1856 na 1860 watu kama 3,000 walivuka nyika hivyo, kwa miguu. Mwaka 1856 makundi mawili yalichelewa kuondoka, theluji ikawakuta Wyoming, wakafa zaidi ya 200. Mama akauliza, "Na hawa walifukuzwa na nani?" Akaambiwa, na majirani zao kule Illinois. Siku hizi yeye ndiye anatuamsha tuwahi viti.

Mchokonozi: Safi, lakini bonde lilikuwa na wenyewe, makabila ya asili ya Wayuti na Washoshoni. Tena mbona Green Flake hatajwi? Mweusi, mtumwa, na aliingia bondeni kabla ya Brigham Young mwenyewe. Sanamu yake ilizinduliwa 2022 tu!

Wa Kansas: Mchokonozi, njoo Nicodemus. Mji ulianzishwa 1877 na weusi waliotoka Kentucky baada ya utumwa. Walianza kwa kuishi kwenye mahandaki, na baridi ya kwanza Waosage, kabila la wenyeji wa asili, waliokuwa wakirudi kuwinda ndio waliowagawia chakula. Mwaka 1888 reli ikapitishwa kwingine, mji ukafifia. Waliobaki wanahesabika, lakini kila mwisho wa Julai vitukuu wanarudi kutoka kila kona. Nilipofika, bibi mmoja akaniuliza mimi wa ukoo gani. Nikamwambia natokea Tanga. Akasema basi chukua sahani.

Mchokonozi: Malazi yapo, mkuu?

Wa Kansas: Pale hakuna. Lala mji wa Hays, asubuhi unaendesha.