Mwanangu hataki tena kuangalia Spurs tangu Son aondoke, nifanyeje wakuu?

BabaWaSaba (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia "mpira tu huo", maana kwangu wiki mbili hizi imekuwa zaidi ya mpira.

Mimi ni Tottenham, yaani Spurs, tangu enzi zile Bale anawakimbiza Inter mwaka 2010. Kwa hiyo kuondokewa nimeshazoea, Modrić aliondoka 2012, Bale mwenyewe 2013, Kane 2023 akiwa ameshatufungia magoli 280, kila mmoja niliumia halafu maisha yakaendelea. Ila Son Heung-min, winga wetu Mkorea, ni kitu kingine kabisa. Son alikuja Agosti 2015 na mwanangu amezaliwa 2016, yaani huyu mtoto hajawahi kuishi hata siku moja ambayo Son hayupo Spurs mpaka mwezi huu. Kwake Spurs na Son ni kitu kimoja, hajui kimoja kinaanzia wapi na kingine kinaishia wapi.

Jezi yake ya kwanza nilimpa akiwa na miaka minne, ilikuwa inamfika magotini. Sasa hivi inambana kwapani na ile 7 ya Son mgongoni imeanza kubanduka kwenye kona ya juu, anaibonyeza na kidole kila akiivaa ili irudi, na nikimwambia nimtafutie nyingine hataki.

Sasa tarehe 2 Agosti 2025 Son akatangaza kule Seoul kwamba anaondoka, kesho yake ikachezwa ile mechi na Newcastle. Nikafanya kosa la kumwita tuangalie pamoja. Mmeona wenyewe ilivyokuwa, anatolewa kipindi cha pili, wachezaji wa timu zote mbili wamepanga mistari wanampigia makofi, anakumbatia mmoja mmoja, anakaa benchi machozi yanamtoka hawezi hata kuyazuia. Mtoto kimya muda wote. Halafu akaniuliza, "Baba, kwani nani anamfukuza?" Nikamwambia hakuna anayemfukuza, ameamua mwenyewe. Akasema, "Sasa kama ameamua mwenyewe mbona analia?"

Wakuu sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tangu siku hiyo jezi imekunjwa iko chini ya godoro lake. Super Cup na PSG hakuangalia. Ligi imeanza tarehe 16 tunacheza na Burnley nyumbani, na ni Burnley wale wale ambao Son aliwafunga lile goli la Desemba 2019, aliokota mpira karibu na boksi letu akakata uwanja mzima watu wanamfukuzia mpaka akaenda kufunga, lile la tuzo ya Puskás, ya goli bora la mwaka. Mwanangu analijua lile goli hatua kwa hatua, huwa anapanga viti koridoni anavikatiza kama mabeki. Sasa siku hiyo nimekaa namwita, akaja, akakaa akageuzia tivii mgongo. Tumeshinda 3-0, Richarlison katupia mawili, la pili lile la kujipinda hewani nikapiga kelele peke yangu, mtoto hajageuka.

Anasema yeye sasa ni LAFC, timu ya Los Angeles aliyohamia Son.

Naombeni ushauri, nimwache aende zake na LAFC au nimvute arudi? Na lile swali lake nilijibu vipi? Na niseme ukweli wote, hata mimi mwenyewe siku hizi nikiona kikosi kinatoka macho yanamtafuta yeye kwanza, kwa hiyo sijui kama nina haki ya kumwambia mtoto kitu.

---

Refa Mstaafu

Pole mkuu. Usimlazimishe. Ushabiki wa kulazimishwa haukai.

---

Kolo_wa_Anfield

Kaka nimekusoma nikarudi mwaka 2015 moja kwa moja. Mimi ni Liverpool, na Gerrard alivyoondoka nilikuwa mtu mzima na ajira yangu, sio mtoto wa miaka tisa, lakini mechi ya mwisho Anfield tunafungwa 3-1 na Palace nilikaa sebuleni taa imezimwa sitaki kuongea na mtu. Na ya mwisho kabisa tukapigwa 6-1 na Stoke, goli letu moja kafunga yeye. Mechi zaidi ya 700, halafu anaagwa kwa sita. Iliniuma sana ile kwa sababu nilitaka aondoke na kitu kizuri mkononi.

Ndio maana nakwambia wewe na mwanao mna bahati ambayo sisi hatukuipata. Son ameondoka na kombe. Tarehe 21 Mei, fainali ya Europa League kule Bilbao, Manchester United chali 1-0, goli la Brennan Johnson, na aliyelinyanyua ni yeye kama nahodha na bendera ya Korea kiunoni. Kombe la kwanza tangu 2008, miaka 17! Mwambie dogo hivi: alikuwa na kazi hajaimaliza, akaimaliza, ndio akaaga. Kane aliondoka bila kuinua kitu pale, huyu alisubiri. Mtoto anaelewa habari ya kumaliza kazi kuliko habari za mkataba na dirisha la usajili.

Na LAFC mwache aangalie. Mimi LA Galaxy niliifuatilia msimu mzima kwa sababu ya Gerrard, nilikuwa nawajua mpaka mabeki wao, halafu yenyewe ikapungua taratibu bila mtu kuniambia niache. Liverpool haikwenda popote.

---

Mzee wa Takwimu

Mimi naomba nitofautiane kidogo na hizi hisia. Son amefikisha miaka 33 mwezi Julai. Msimu uliopita magoli ya ligi ni 7, wakati 2021/22 alifunga 23 akagawana kiatu cha dhahabu na Salah. Mkataba ulikuwa unaisha 2026, angebaki angeondoka bure. Klabu imepata hela, yeye amepata timu ya kumtumia kila wiki, na Kombe la Dunia 2026 linachezwa hukohuko Marekani na jirani zake, amesema mwenyewe hilo lilikuwa kwenye hesabu zake. Mechi 454, magoli 173, miaka kumi. Hakuna aliyemdai kitu. Mweleze mtoto ukweli huo huo, watoto wanaelewa namba.

---

Dada Winga

@Mzee wa Takwimu namba zako zote ziko sawa ila swali la mtoto halikuwa kwa nini ameondoka, swali ni mbona analia. Hapo takwimu haisaidii kaka yangu.

Mwanzisha uzi, mimi nafundisha watoto wa umri huo huo, na mwalimu akihama shule huwa naulizwa swali hilo hilo. Wanaona mwalimu anaaga anafuta machozi, wanadhani kuna mtu kamuudhi. Huwa nawaambia mtu anaweza kuchagua kuondoka na bado ikamuuma, kwa sababu anachokiacha anakipenda. Siongezi neno. Halafu nawauliza, wewe ulipohama chumba cha mama ukapewa chako, si ulitaka mwenyewe? Na usiku wa kwanza si ulilia? Wote wanacheka, wanakumbuka.

Na hiyo ya kugeuzia tivii mgongo usiichukulie kama hataki. Asiyetaka hakai. Huyo alikuja akakaa, alikuwa anasikiliza.

---

Mlinzi wa Lango

Hiyo ya "asiyetaka hakai" imenigusa aisee. Mkuu hebu soma hapo mara mbili.

---

Bibi Kizee wa Turin

Wanangu mimi ni Juventus. Del Piero miaka 19 kwetu, timu iliposhushwa Serie B mwaka 2006 alishuka nayo, mabingwa wa dunia wa mwaka huohuo wangapi walitafuta pa kukimbilia lakini yeye alibaki. Siku ya mwisho nyumbani, Mei 2012 na Atalanta, amefunga, ametolewa, uwanja ukasimama. Mechi inaendelea kule katikati lakini watu wanamwangalia yeye anazunguka pembeni anaaga, wanamrushia skafu anaziokota. Sikumbuki mpira wenyewe ulikuwa umefikia wapi.

Ninachotaka kukuonya baba ni namba. Hili la kuondoka amelimeza nusu, lakini siku ataona 7 mgongoni kwa mtu mwingine ndipo utajua hujajua. Sisi 10 ya Del Piero ilikaa msimu mmoja haina mtu, halafu 2013 akapewa Tevez. Nilikasirika mimi na umri wangu! Nikasema siangalii. Tevez akaanza kufunga, na kufunga, mpaka nikajikuta nimesimama napiga makofi na nimesahau kama nilinuna. Kwa hiyo mwambie mapema, kabla hajaiona kwa watu. Mwambie namba ni ya klabu, inavaliwa kwa zamu, Son aliikuta akaipendezesha akaiacha. Jezi iliyo chini ya godoro hiyo ni yake mwenyewe, hakuna atakayemnyang'anya.

---

Kaskazini Nyekundu

Mimi ni Arsenal kwa hiyo najua sitakiwi hapa, lakini hili ni suala la mtoto. Henry aliondoka 2007 nikaona dunia imeisha. Januari 2012 akarudi kwa mkopo, akaingia sabu dhidi ya Leeds kwenye FA, akafunga kwa ule ule ubavu wa mguu aliokuwa anafungia miaka yote. Nililia mbele ya wageni. Usimwahidi mtoto kwamba Son atarudi, ila usimwambie pia kwamba imekwisha.

---

BabaWaSaba

Wakuu nimewasoma wote, ahsanteni sana. Dada Winga umenitoa machozi. Bibi nitafanya kama ulivyosema. Ngoja nijaribu nitaleta mrejesho.

---

Jogoo wa Pili

Mkuu mimi ni Spurs mwenzio. Kuna kitu watu hawajasema. Muonyeshe Ben Davies. Yupo tangu 2014, alikuja kabla ya Son na bado yupo, rafiki yake kipenzi. Dogo akiuliza nani amebaki, Davies amebaki. Mimi mwenyewe ndiye ninayemshikilia kwa sasa.

---

Refa Mstaafu

Mrejesho vipi mkuu?

---

BabaWaSaba

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa.

Ile siku ya Manchester City tarehe 23 sikumwita. Niliwasha tivii nikaacha mlango wazi. Kabla ya mechi tulikuwa tumeongea, nikamuuliza kama anakumbuka usiku wa kwanza kwenye chumba chake, akasema anakumbuka, alikuja kugonga kwangu mara tatu. Nikamwambia basi Son ndio yuko usiku wa kwanza. Akafikiri, akaniuliza, "Sasa yeye anagonga kwa nani?" Nikamwambia labda anampigia Davies. Hilo lilimridhisha sana sijui kwa nini.

Johnson alivyofunga la kwanza nikasikia hatua koridoni. Alikuja akasimama mlangoni, hakukaa. Palhinha alivyoweka la pili alikuwa ameshakaa kwenye mkono wa kochi. Tumeshinda 2-0 kwao. Hakushangilia ila alikaa mpaka filimbi.

Na mtaniambia hii imepangwa na nani, siku hiyo hiyo Son kafunga goli lake la kwanza LAFC, frikiki dhidi ya Dallas, juu kabisa kwenye kona. Asubuhi nikampa simu aangalie kabla hajanawa uso. Aliangalia mara nyingi sana, halafu akasema, "Jana wameshinda wote wawili." Nikamwambia LAFC wametoka sare 1-1. Akasema yeye hasemi LAFC, anasema Son na Spurs. Nikanyamaza hapo, sikutaka kuharibu.

Namba nilimwambia mapema kama Bibi alivyoagiza, na ni vizuri nilisema, maana tarehe 29 katangazwa Xavi Simons na amepewa 7 hiyo hiyo, hata mwezi haujaisha. Mtoto kaiangalia ile picha, akaenda chumbani nikajua tumerudi kulekule. Akarudi na jezi. Ameitoa chini ya godoro, mikunjo imeshika kabisa, ameibonyeza ile saba kwenye kona, akaivaa. Akasema hii ya kwake ni ya zamani, ndio ya kweli. Nikasema sawa.

Jana tukacheza na Bournemouth nyumbani ameivaa, amekaa mbele, hajanipa mgongo. Wametufunga dakika ya tano tu, 1-0 mpaka mwisho. Mtoto kanuna vibaya sana, chakula hataki, mama yake akaniangalia kama vile Son ameondoka tena. Nikamfuata nikamuuliza ni Son? Akasema, "Sio Son, baba, tumefungwa!" na akanikasirikia kwa kuuliza. Dakika kumi baadaye anataka kujua mechi inayofuata ni lini. Nikamwambia West Ham, tarehe 13. Akasema mbali sana.