Msaada: nikiweka kingamwili, nukta za RNA zinapotea

Kijanafunzi
Wakuu habari zenu. Nasoma uzamivu Ujerumani na hii ni wiki ya tano nimekwama. Nataka kuona RNA (nakala ya jeni) moja moja pamoja na protini inayoishika, ndani ya seli ileile, kwa hadubini ya STORM, ile inayoona vidogo kuliko hadubini ya kawaida. Nikitumia probu peke yake (vipande 48 vya DNA vyenye rangi vinavyonasa kwenye RNA), nukta zinatokea kali, unazihesabu kwa kidole. Nikitanguliza kingamwili (ya kuinasa na kuing'arisha protini), zinabaki mbili tatu, huku protini inang'aa vizuri tu. Nimebadilisha rangi, nimeongeza probu, wapi! Jana hadi saa nne usiku natazama seli tupu. Nisaidieni.

Mama Pipeti
Pole sana mdogo wangu. Rangi haina kosa. Kingamwili nyingi, hasa zile za seramu ghafi, na hata albumini ya ng'ombe unayozibia, huja na RNesi, kimeng'enya kinachokata RNA. Ukiziacha saa nzima juu ya seli, RNA inakatwakatwa. Tia kizuizi cha RNesi kwenye kila mchanganyiko, albumini iwe iliyosafishwa. Ukishaosha kingamwili ya pili (ile yenye rangi, inayoshika ya kwanza), kaza seli tena ili kila kitu kibaki mahali pake, kwa fomaldehaidi asilimia 4, dakika 10, ndipo uweke probu. Ukiruka hapo, fomamaidi, ile kemikali ya kwenye mchanganyiko wa probu, itakung'olea kingamwili. Na kioo kimoja chenye seli kimwagie RNesi kwa makusudi: nukta zisipofutika, hizo si RNA.

Kijanafunzi
Albumini! Chupa yetu ni ya maabara nzima, kila mtu anachota kwa kijiko chake. Asante sana dada.

Mzee wa Leza
Zikirudi, usikimbilie kusema RNA na protini zimegusana. Hadubini ya kawaida inagota karibu nanomita 200, STORM inakushusha hadi 20 hivi. Sasa kingamwili ya kwanza ikibeba ya pili, rangi inakaa nanomita 10 hadi 20 kutoka kwenye protini yenyewe. Nanobodi (kingamwili ndogo sana) ikipatikana, chukua. Halafu rangi mbili hazitui mahali pamoja kwenye kamera, kwa hiyo piga picha za vishanga vyenye rangi zote usahihishe. Niliwahi kumpelekea msimamizi "mgusano" ambao seli nzima ulikuwa umehamia upande mmoja. Ilikuwa lenzi.

Kijanafunzi
Mrejesho: chupa mpya, kizuizi ndani, nimekaza mara mbili. Nukta zimerudi, zimetapakaa kuzunguka kiini! Kioo cha RNesi ni giza tupu. Kesho naanza vishanga.