Ushauri: Klabu ya vitabu ya sinagogi kwa Zoom, watu wanajiandikisha halafu hawatokei

mpwani_london (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi ofisini kwenye sinagogi moja huku London, ingawa mimi si Myahudi. Nimekabidhiwa klabu ya vitabu kwa Zoom, mara moja kwa mwezi. Waliojiandikisha ni 31, mwezi huu wametokea tisa. Kitabu ni kizuri, kurasa 410, na maswali nimeandaa vizuri. Nibadili kitabu au nipunguze maswali? Kamati inakaa wiki ijayo na sina la kuwaambia.

Bi Zuhura
Kurasa 410 kwa mwezi ni mzigo. Chagua cha 250 hadi 300, uwape wiki sita. Kabla hujakitangaza hakikisha kinapatikana kwa jalada laini, kwa maandishi makubwa na kwa kusikiliza. Maswali sita yanatosha dakika 75. Usianze na "mmekionaje", maana watajibu "kizuri" na kimya kitatanda. Anza na aya moja, msome pamoja. Taja sura, siyo ukurasa peke yake, kwa sababu kila toleo lina namba zake.

fundi_mitandao
Akaunti ya bure ya Zoom inakata dakika 40, kwa hiyo lipia. Linki usiibandike kwenye tovuti wala Facebook. Tangu 2020 mikutano ya Kiyahudi imevamiwa na watu wanaoingia kutukana tu. Weka nenosiri na chumba cha kusubiria, zuia washiriki kuonyesha skrini na kubadili majina. Anayeongoza mazungumzo asiwe ndiye bawabu: mtu wa pili ashike orodha, aruhusu mmoja mmoja. Na usirekodi, watu hawatasema la moyoni.

Mama Kijitabu
Yote sawa, lakini mbona hujataja siku? Mnakutana lini, saa ngapi?

mpwani_london
Jumamosi saa 2 usiku. Na kabla hamjanirukia: Sabato inakuwa imeisha. Nimeangalia jedwali, Novemba hii inaisha kabla ya saa 12 jioni. Vipeperushi vya mwaka mzima vimeshachapwa.

Mama Kijitabu
Na wote 31 wako London?

mpwani_london
Karibu nusu. Wengine walihamia Toronto, na familia kadhaa ziko Yerusalemu. Hao ndio walioomba klabu, kwa hiyo niliona watajipanga wenyewe.

Mama Kijitabu
Basi kitabu hakina kosa. Saa 2 usiku London ni saa 9 alasiri Toronto, jua bado liko juu na Sabato haijaisha. Anayeishika hafungui kompyuta. Yerusalemu ni saa 4 usiku na kesho yake, Jumapili, ni siku ya kazi. Na hapo London penyewe, Juni Sabato inaisha karibu saa 4 na nusu usiku. Ratiba yako itakufa kiangazi hata kwa watu wa jirani.

Hamia Jumapili saa 12 na nusu jioni: Toronto saa 7 na nusu mchana, Yerusalemu saa 2 na nusu usiku. Machi kuwa macho, Kanada hubadili saa Jumapili ya pili ya mwezi na Uingereza Jumapili ya mwisho, kwa hiyo katikati hapo tofauti ni saa nne, siyo tano. Kisha pitisha kila tarehe kwenye kalenda ya Kiyahudi. Sikukuu huanza jua likizama siku iliyotangulia. Siku ya kwanza ya Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, haiwi kamwe Jumapili, lakini siku yake ya pili yaweza kuwa Jumapili. Pasaka ni siku nane kwenu na saba Israeli. Tisha b'Av, siku ya mfungo na maombolezo, huangukia Jumapili miaka mingi, usiweke kikao.

mzee_wa_hoja
Hii chai. Mswahili kwenye ofisi ya sinagogi, na mtu mwingine anajua hadi Pasaka ina siku ngapi? Mmekaa pamoja mkaitunga. Weka picha ya kipeperushi.

Nabwire
Chai ya nini? Masinagogi mengi huajiri wasio Wayahudi. Na Uyahudi siyo kitu kigeni kwetu: Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wako Mbale tangu chifu Semei Kakungulu alipoifuata dini hiyo mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku, wakaendelea. Rabi wao, Gershom Sizomu, alihitimu Los Angeles mwaka 2008. Nairobi nayo ina sinagogi tangu enzi za mkoloni.

mpwani_london
Picha siweki, ina anwani na majina, na ulinzi wa jengo ni jambo zito huku. Asiyeamini aache.
Mama Kijitabu, nikibaki Jumamosi kwa London na kuongeza Jumapili kwa walio mbali? Vipeperushi vina gharama.

Bi Zuhura
Tisa ukiwagawa mara mbili hupati mazungumzo. Bandika kipande cha karatasi juu ya tarehe, basi.

Mama Kijitabu
Nakubaliana na Bi Zuhura. Na hili ni kubwa: wanaoshika Sabato husoma zaidi siku hiyohiyo, na hawagusi kisomeo cha kielektroniki. Wanahitaji kitabu cha karatasi mkononi kabla ya Ijumaa jioni. Cha Yerusalemu kitume mapema sana, posta huchelewa. Usiwape PDF uliyoiskani, hiyo ni kuvunja hakimiliki. Maswali yatoke Jumatano ili wayachape. Yakiwa na Jina la Mungu kwa Kiebrania, karatasi hazitupwi jalalani. Huwekwa geniza, yaani mahali pa kuhifadhia maandishi matakatifu yaliyokwisha kazi, uliza rabi sanduku liko wapi.

fundi_mitandao
Na kagua ukumbusho wa moja kwa moja. Ukiuweka "saa 24 kabla" ya kikao cha Jumapili, simu zao zitalia Jumamosi. Weka mmoja Alhamisi asubuhi, mwingine saa moja kabla ya kikao.

mpwani_london
Umewekwa saa 24. Naubadilisha sasa hivi. Tarehe za Jumapili nazipeleka kwa rabi kesho, kisha kamati.