Chumba changu cha muziki kina mwangwi, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Niko Jinja, nina chumba cha mita 4 kwa 3 cha kusikilizia muziki: kuta za saruji, sakafu ya vigae, dirisha kubwa la kioo upande wa kushoto. Nikipiga kofi moja, kuta zinanijibu kwa mlio mkali kama waya uliokazwa. Sauti za waimbaji zinachafuka, na hilo linaniuma kweli.

Nimetandika zulia zito na kutundika pazia. Ukali umepungua, ila besi bado inavuma kwenye kona. Kisha nilikaa kitini, mdogo wangu akasogeza kioo ukutani. Kila nilipoiona spika ndani yake tukaweka alama ya chaki, maana hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kunifikia.

Sasa nataka kutundika fremu za mbao za kunyonya sauti kwenye alama hizo, nizifunike kwa lubugo, kitambaa cha gome la mti. Nilichonacho ni chepesi, ukikipuliza pumzi inapita, hivyo sauti nayo itapenya hadi ndani.

Naomba kuuliza: ndani nijaze sponji ya godoro ya sentimita 10, au mablanketi ya zamani? Na kati ya fremu na ukuta niache nafasi kiasi gani?