MREJESHO: Leseni ya baa ya Dar haifanyi kazi Paje

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa: nina leseni ya vileo niliyokatia Kinondoni, je, naweza kuitumia kwenye nyumba ya wageni niliyokodi Paje, Zanzibar? Nusu yenu mlisema nchi ni moja, niuze tu. Jamani, mngeniponza!

Vileo si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake na Bodi yake ya kudhibiti vileo, na karatasi yangu ya Kinondoni huku ni ya kufungia maandazi. Nilianzia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa huku, mzee mpole, akanikaribisha kahawa kwanza. Akauliza msikiti uko umbali gani na chumba changu cha kuuzia, na kama wateja watakunywa barazani wakionekana na watoto wa madrasa. Hapo nikaelewa kwamba majirani nao wana neno, siyo ofisi peke yake.

Pia nilitaka kuvusha kreti kwa boti kutoka Dar. Nimeachana nalo. Uingizaji una vibali vyake, na mnaokumbuka mwanzoni mwa 2024, vibali hivyo vilipobadilisha mikono bia iliadimika kisiwani na bei ikaruka. Nitanunua kwa muuzaji wa jumla wa hukuhuku.

Mwezi wa Ramadhani nafunga kaunta, hilo sikuhitaji kuuliza.

Ombi liko Bodi. Kwa sasa nauza madafu na juisi ya ukwaju, na wageni hawajalalamika.